Kapu la Rafiki wa Bibi

Jumamosi iliyopita jirani yangu, dada mmoja fundi cherehani, alinigongea mlango akiwa ameshika hotpoti ya bluu kwa mikono miwili. Nilipofungua kifuniko mvuke ulinipiga usoni, na kabla sijaona kilichomo nikajua. Michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande, vikaanikwa mpaka vikakakamaa, kisha vikachemshwa taratibu na karanga za kutwanga hadi vikarudi kuwa laini. Rafiki yangu unayesoma, kama ulilelewa upande wetu huu wa ziwa huhitaji nikueleze harufu ile. Kama hukulelewa huku nisamehe, sina maneno ya kukufikishia. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na hata huko sikuwa wa kusifiwa.

Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, kwa mdomo. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kingine, na kwa kuwa nimekusudia kuandika ukweli nitakitaja kwa jina lake. Ni wivu.

Jirani huyu ana umri wa mwanangu. Alihamia mtaani kwetu hapa Buhongwa juzijuzi tu, mimi nikiwa nimeshajenga na mipapai yangu imeshazaa. Alipofika akaanzisha mambo yake ya Jumamosi. Kina mama wanakusanyika uani kwake. Mwenye mchicha analeta mchicha, mwenye mayai analeta mayai, anayejua kusuka anasuka, na fundi mwenyewe anashona sare za watoto zilizochanika. Asiye na kitu anatoa muda wake: anakwenda kukaa na mgonjwa, anamchotea maji mama aliyejifungua, anashika mtoto ili mwenye mtoto apate kulala kidogo. Hela haipiti mkono kwa mkono. Kila mtu anaondoka na kile alichokuwa anakihitaji.

Basi mtaa mzima unamwimba yeye. Bombani nasikia, "Huyu fundi ana akili jamani, sijui kasomea wapi!" Mwingine anadakia, "Katuletea kitu kipya kabisa." Kipya! Nilikuwa nimeinamia ndoo yangu, nikatamani kuinuka niwaambie kwamba kitu kipya hicho nilikibeba kichwani mwangu kabla huyo fundi hajazaliwa. Nikajitwisha ndoo nikaondoka. Wangeniuliza, basi mbona hukukianzisha wewe, miaka yote uliyokaa hapa?

Sasa sikiliza kilichozidisha. Mwanzoni mwa masika niliteleza kwenye tope nikateguka mguu, nikawa wa kulala na kukaa. Sikuwa mtu wa Jumamosi zao. Sikuwahi kupeleka uani kwake hata fungu la papai. Lakini walikuja. Mmoja alichota maji, mwingine alifua nguo zangu, hata zile ambazo mtu hapendi kufuliwa na mtu mwingine. Fundi alipika uji asubuhi na kunisimamia mpaka niumalize, kama vile mimi ni mtoto. Mguu ukapona. Mwanangu aliyeko Dar aliposikia akanitumia hela kwenye simu, akapiga na kuniambia, "Mama, walipe hao kina mama wote, uwe huru."

Ndiyo maana fundi alipokuja na hotpoti yake nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nimlipe. Nimlipe kila kitu, niweze kumwangalia usoni bila deni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Sikai. Nimekuletea hii, usiseme unafunga." Akautazama mguu wangu. "Naona umepona. Sasa kisingizio kimeisha, Jumamosi ijayo tukuone."

"Nije kufanya nini? Mimi sina cha kuleta."

"Una mdomo mama, njoo nao. Kina mama wamechoka kunisikiliza mimi peke yangu."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, siwezi kumnyima hilo. Nikamwambia, "Mwanangu katuma hela. Nataka niwalipe, wewe na wenzako. Uji, maji, nguo, vyote."

Kicheko hakikukatika mara moja, kilipungua kama moto unaoondolewa kuni. "Utulipe?" akasema. "Haya mama. Ukiamua tutapokea, kusema kweli wapo wenye shida kati yetu. Yule aliyekufulia mwanawe hana viatu vya shule." Akafunga kanga yake vizuri. "Basi hotpoti utaileta, au nitamtuma mtu." Akaondoka.

Nikaketi jikoni, nikaanza kula michembe, na kwenye kipande cha tatu au cha nne nikawa siko tena Buhongwa.

Nililelewa na bibi yangu ng'ambo ya pili, upande wa Kamanga, mbali kidogo na mahali kivuko kinapofikia. Bibi alikuwa mtu wa maji. Wajomba zangu walivua dagaa usiku kwa taa za karabai, na asubuhi kazi ilikuwa yetu. Tulimwaga dagaa juu ya mchanga uliofagiliwa, tukawatandaza, tukawageuza jua likipanda, na mimi nilikuwa na kijiti changu cha kufukuzia kunguru na yangeyange. Mpaka leo nikisikia honi ya kivuko mkono wangu unatafuta kijiti. Nywele zetu, shuka zetu, hata sabuni yetu, vyote vilinuka dagaa, na sisi hatukujua mpaka mgeni aje atuambie.

Mgeni aliyetuambia alikuwa rafiki wa bibi. Alikuwa mwanamke wa mashambani, Msukuma wa ndani kabisa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kila michembe ilipokauka alikuja nayo, amejitwisha kapu kubwa, nyuma yake mjukuu wake, msichana wa umri wangu, naye amejitwisha kapu lake. Walitoka kwao giza halijaondoka.

"Mwangaluka mayu!" angeita toka mbali, ndiyo salamu yao ya asubuhi.

Bibi angemjibu kwa Kisukuma chake cha kuvunjikavunjika, na rafiki yake angecheka. "Mtu wa maji wewe, hata salamu yako inanuka samaki!"

"Na wewe umejaa vumbi mpaka kwenye kope," bibi angejibu. "Ziwa hilo hapo, nawa kwanza ndiyo tusalimiane kama watu."

Kulikuwa na jiwe moja pana, bapa, karibu na maji. Hapo ndipo walipobadilishana. Sikuwahi kuona kopo la kupimia wala mizani. Rafiki wa bibi alilitua kapu lake la michembe juu ya jiwe, bibi akalitua lake la dagaa, halafu wote wawili wakavipa vitu vile mgongo, wakakaa kunywa uji wa mtama na kuulizana habari: nani kajifungua, nani kaumwa, ng'ombe gani kakataa kushusha maziwa. Uji ukiisha waliinuka wakatazama. Aliyeona cha mwenzake kimezidi alirudi akaongeza chake. Kama ameridhika alibeba. Sikumsikia hata siku moja yeyote kati yao akisema "punguza" au "ongeza".

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nikiwa mtoto niliona ni usumbufu tu. Hawakumiminiana vitu. Walibadilishana pamoja na makapu. Kapu la rafiki yake lilibaki kwetu na letu likaenda kwao, mpaka safari nyingine. Nyumbani kwa bibi siku zote kulikuwa na kapu la watu, limetundikwa ukutani karibu na mlango, limefumwa kwa mtindo wa kwao wa mistari ya kahawia. Nilimuuliza kwa nini asilirudishe siku ileile, naye arudishiwe lake. Alinijibu huku akichambua mchele, bila kuinua macho, "Kapu lake likilala kwangu nina sababu ya kumngoja, naye ana sababu ya kuja."

Bibi alipougua homa mwaka mmoja, rafiki yake alitokea na kibuyu cha maziwa ya mgando, na haukuwa msimu wa michembe. Hakuitwa na mtu. Nilimsikia akimwambia, "Nimekuja kulitazama kapu langu kama linakula vizuri." Alikaa mpaka bibi akasimama.

Sasa nifike kwenye msichana. Baada ya kubadilishana kulikuwa na nyongeza, na nyongeza ilikuwa ya mtoto aliyebeba. Rafiki wa bibi alinipa mimi konzi ya michembe mikononi na kunipapasa kichwa. Bibi yangu alimpa yule msichana samaki. Sato mzima aliyekaushwa kwa moshi, mnene, anayeng'aa mafuta, amefungwa kamba mdomoni ili ashikike. Msichana aliondoka naye ananing'inia kando ya gauni lake, kama mwalimu na mkoba wake. Nami nimebaki na michembe yangu ninayotafuna bila kuusikia utamu, macho yanamfuata samaki mpaka njia inapokata kichakani. Sato wa namna ile mimi nilimwonja sikukuu tu. Bibi yangu mwenyewe, samaki wa wajomba zangu wenyewe!

Nimpe haki yake, ingawa nachelewa. Yeye alitembea toka alfajiri na mzigo kichwani, mimi nilitoka pwani mpaka jiweni, hatua za kuku. Na kwao samaki alikuwa kitu cha kuota, kama michembe ilivyokuwa kwetu. Nikiwa na akili hii ya leo naona bibi alikuwa sawa. Wakati ule niliona tu kwamba anampenda yule kuliko mimi. Na nitakuambia kitu, rafiki yangu: kuandika haya sasa, mtu mzima mwenye wajukuu, kidogo bado naona hivyo.

Pia nisiipambe pwani ile kuliko ilivyokuwa. Alikuwepo mama mmoja, mjane, jirani yetu wa tatu. Hakuwa na mtumbwi wala shamba. Hakuwa na kitu cha kuweka juu ya jiwe, kwa hiyo hakuna nyumba iliyowahi kulaza kapu lake. Alipita nyuma yetu jioni akiokota dagaa waliobaki mchangani, na sisi watoto tuliambiwa tusimcheke, lakini hakuna aliyemwita aje anywe uji. Utaratibu wa bibi ulikuwa mzuri kwa wenye vitu. Uani kwa fundi mama yule angetoa muda wake, angeshika mtoto wa mtu, angekaa na watu. Hilo fundi kalifanya vizuri kuliko bibi yangu, na kuliandika hapa kunaniuma kama kumeza mwiba.

Halafu yalikuja malori. Walianza kuja wanunuzi wakinunua dagaa kwa gunia, mtumbwi haujafungwa kamba, na walitoa hela palepale. Sitaki kuwasema vibaya. Hela ile ilinishonea sare, ikaninunulia kalamu. Bila malori yale hata haya maandishi yangu mabaya usingeyasoma. Bibi aliezeka bati. Tulilala mvua ikipiga juu tukiwa wakavu, na bibi alikuwa akicheka peke yake gizani kwa furaha.

Rafiki yake akaja na michembe, wakati uleule wa siku zote, na dagaa hawakuwepo. Wote walikuwa wameshapanda lori. Bibi aliona haya. Nilimwona akizunguka nyumba kama anatafuta kitu kilichopotea. Kisha aliingia ndani, akafungua fundo la kanga, akatoka na noti. Aliuliza bei ya michembe sokoni siku ile ilikuwa ngapi, kisha akaongeza juu yake, akaongeza tena. Hakutaka kumdhulumu. Nakuapia hakuna mtu aliyewahi kulipa michembe vizuri kama bibi yangu siku ile.

Rafiki yake alizitazama noti kwenye kiganja chake.

"Unanilipa?"

"Nakulipa, ndugu yangu. Umetoka mbali."

"Yote?"

"Yote, na zaidi."

Hawakukaa kunywa uji. Yule mama alifunga hela kwenye pindo la nguo yake, akamimina michembe kwenye ungo wetu, akalikung'uta kapu mpaka unga wa mwisho ukadondoka. Kumbuka kapu alilokuwa amelibeba lilikuwa letu. Akaliweka chini, mbele ya miguu ya bibi, taratibu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya adabu sana, kama mtu anayeongea na karani:

"Basi naomba kapu langu."

Bibi akasimama. Akaniambia nilitungue ukutani. Nililitungua mimi, nikamkabidhi msichana, kwa sababu ndiye aliyenyoosha mikono. Hakupewa samaki siku ile. Alikuwa ameshalipwa bibi yake, na mwenye kulipwa hapewi nyongeza. Nilifurahi. Nilimtazama akiondoka na kapu tupu, mkono wake mmoja hauna cha kuning'iniza, nikafurahi mpaka njia ilipokata kichakani. Hawakugeuka. Hawakurudi.

Msimu uliofuata bibi alimkausha sato mmoja, mnene, akamning'iniza juu ya mafiga. Alimwacha pale. Samaki akawa mweusi, akawa mgumu kama gome, tukakatazwa kumgusa. Ukutani karibu na mlango ulibaki msumari mtupu. Siku moja tulikuwa tunageuza dagaa, bibi akasema, si kwangu, kwa mchanga labda, "Nilimlipa yote. Mimi nilidhani ndiyo namheshimu." Halafu akaniambia nifukuze kunguru.

Michembe ilikuwa imeshapoa kwenye hotpoti mawazo yangu yalipofika hapo. Nikamwona fundi amesimama mlangoni kwangu, akifunga kanga yake na kuniambia "ukiamua tutapokea", kwa adabu ileile. Na mimi nimetungua kapu la watu mara moja maishani mwangu. Inatosha.

Lakini hela ilikuwepo kwenye simu, na mtoto wa yule mama alikuwa hana viatu; siwezi kujifanya kwamba hela ni takataka wakati miguu ya mtoto iko chini. Nilifikiri wiki nzima, na sina hakika kama nilifikiri vizuri. Nilimpigia mwanangu. Akaniuliza, "Umewalipa?" Nikamwambia sikuwalipa na sitawalipa. Akasema, "Mama, sasa unaishije na deni la watu?" Nikamjibu, "Kama ulivyoishi na langu." Akacheka, akasema nifanye nitakavyo.

Jumamosi hii nilikwenda. Nilitoa hela kwa wakala, nikanunua viatu, nikampa yule mtoto mwenyewe mkononi, nikamwambia ni nyongeza yake kwa sababu mama yake alibeba. Hakuelewa, alivaa tu akakimbia. Uani kuna kopo la hela za dawa, kila mtu anatia anachoweza kwa ajili ya atakayeugua, hatazamwi. Nikatia na mimi. Halafu nikaweka mkekani hotpoti ya bluu, nimeijaza dagaa wa kukaanga na nyanya na pilipili, kama bibi alivyowapika.

Kina mama walikula wakalamba vidole. Na unajua walisema nini? "Fundi umefanya kazi, hata huyu mama umemtoa ndani!" Sifa zote kwake, dagaa wangu wakiwa mdomoni mwao. Ule wivu ulipanda palepale, mzima kabisa, haukuwa umekufa. Nilikaa na wivu wangu mkekani kama mtu anayekaa na mtoto msumbufu. Nikawahadithia habari za jiwe na makapu. Sijui kama niliwahadithia kwa ajili yao au ili wajue nani alianza. Labda vyote viwili.

Lile jiwe halipo tena. Nilipita Kamanga mwaka jana kwenye msiba, nikalitafuta. Limepasuliwa, limeuzwa kokoto. Msichana yule, kama yu hai, ni bibi kama mimi, na sikuwahi hata kulijua jina lake, kwa sababu nilikuwa namtazama samaki tu. Ningelijua ningekwenda ndani huko kuulizia. Ningempelekea sato.

Jua lilipoanza kuinama fundi aliosha hotpoti yake, akaigeuza huku na huku.

"Mama, kifuniko kiko wapi?"

"Kiko kwangu."

"Nimtume mtoto akakifuate?"

"Usimtume. Nitakileta mwenyewe."

"Lini?"

"Sijui," nikamwambia. "Acha kilale kwanza."

Alinitazama. Alikuwa amesikia habari za makapu; akaifuta hotpoti, akaiingiza ndani bila kifuniko. Nimerudi nyumbani nikapigilia msumari ukutani, karibu na mlango, nikakitundika. Kifuniko cha plastiki, cha bluu, hakina uzuri wowote. Nimekaa nakitazama muda mrefu.